Vespa PX150E ya marehemu baba inazimika ikishapata moto, na sailensa inapanda yenyewe

Kijana wa Fuoni, Unguja

Asalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wenye ujuzi wa skuta. Nina Vespa PX150E aliyoniachia marehemu baba, ambayo aliinunua mkononi kwa mtu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na akaiendesha kila siku mpaka maradhi yalipomweka ndani. Namba ya injini inaanza na VLX1M, kabureta ni Dell'Orto SI 20/20, na mafuta nachanganya mwenyewe kwa kikombe cha kupimia, oili ya tuu-T mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli. Kabla sijaifufua ilikaa ukumbini chini ya turubai kwa miaka minne bila kuwashwa hata mara moja.

Tatizo lenyewe ni hili. Asubuhi injini ikiwa baridi inashika kwa kiki ya kwanza au ya pili, na inakwenda vizuri kabisa. Nikitoka Fuoni kuelekea kusini naipita Tunguu bila shida yoyote, lakini kabla sijafika msitu wa Jozani, yaani baada ya dakika 15 hadi 20 za mwendo, huanza kukatakata kana kwamba kuna mtu anazima na kuwasha swichi, kisha hupiga mlipuko mmoja kwenye ekzosi na kuzimika moja kwa moja. Hapo nitapiga kiki mpaka mguu uchoke na haitashika. Nikikaa chini ya mti kwa nusu saa hivi, inashika kwa kiki moja kama haikuwa na neno.

Jambo la pili, ambalo sijui kama linahusiana na hilo la kwanza, ni kwamba sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujashika eksileta, haitulii. Nikiachia eksileta, injini hubaki juu kwa muda kabla ya kushuka, na siku nyingine haishuki mpaka niweke gia na kuikaba kwa klachi. Plagi nikiifungua naikuta nyeupe kama chokaa.

Nimeshabadilisha plagi na kuweka nafasi ya milimita 0.6, nimesafisha kabureta mara mbili, nimehakikisha jeti kubwa, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ni ya namba 100 kama ilivyotoka kiwandani, na nimeweka bomba jipya la petroli. Fundi mmoja aliniambia kondensa imekufa, akaniuzia nyingine, akairudisha Vespa ikiwa vile vile. Wa pili alinishauri niongeze oili mpaka mililita 40 kwa lita ili injini isipate moto. Baba aliitunza Vespa hii kuliko alivyojitunza mwenyewe, nami sitaki kuiharibu kwa kubahatisha kifaa kimoja baada ya kingine. Nianzie wapi?

Mpanda skuta wa Kigamboni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kabla hujatumia hata shilingi moja, jaribu kitu cha bure. Siku itakapozimika tena, usipige kiki. Nyanyua kiti na ufungue kifuniko cha tangi palepale. Ukisikia hewa ikiingia kwa mvuto, basi kitundu cha pumzi kwenye kifuniko kimeziba, na petroli inashindwa kuteremka kwa sababu hakuna hewa ya kujaza nafasi yake. Mimi nilihangaika na jambo hilo kwa wiki mbili, kumbe ni udongo tu wa nyigu uliokuwa umeziba kitundu kisichozidi unene wa sindano.

Angalia pia kama kile kizimba kinachofunika silinda kipo mahali pake. Vespa haipozwi na upepo wa barabarani, bali inapozwa na feni ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, na hewa ya feni inahitaji kizimba hicho ili ipite kwenye mapezi ya silinda. Nimeona skuta nyingi za zamani ambazo kizimba kilivunjika, mafundi wakakitupa.

Kama yote hayo ni mazima, ningejaribu jeti ya 105 badala ya 100, kwa sababu plagi nyeupe ni dalili kwamba petroli haitoshi.

Fundi mzee wa Mombasa

Kijana wangu, pole kwa msiba na pole kwa usumbufu. Nimefungua injini za namna hii tangu zilipokuwa mpya, na kwa maelezo yako naona una maradhi mawili ambayo huenda yana mzazi mmoja. Nitaeleza taratibu ili ujue unachokitafuta kabla hujashika spana.

Kwanza tuondoe lile la kondensa. Herufi E kwenye jina la Vespa yako inasimama badala ya elektroniki. Injini hiyo haina pointi wala kondensa, vile vifaa vya mfumo wa zamani wa cheche. Ina stata yenye koili ya kuzalisha umeme wa cheche, ina pikapu, yaani koili ndogo inayohisi sumaku ya flaiwili ikipita, na ina kisanduku cha CDI kinachotoa umeme mkubwa wa plagi. PX za mwanzo kabisa ziliwahi kutoka na pointi, lakini yako si mojawapo. Aliyekuuzia kondensa hakuiangalia pikipiki iliyokuwa mbele yake.

La oili pia liache. Oili ikiongezwa kwenye petroli, kiasi cha petroli kinachopita kwenye jeti ileile hupungua, kwa hiyo injini inazidi kukosa petroli, inazidi kuwaka moto, na kaboni inazidi kujaa kwenye ekzosi. Asilimia 2 uliyonayo ndiyo iliyoandikwa na kiwanda, na oili za leo ni bora kuliko zile tulizokuwa tukitumia sisi.

Sasa kuhusu sailensa. Injini ya tuu-stroki hutumia chumba cha krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kama pampu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta; pistoni ikishuka, mchanganyiko huo unabanwa na kusukumwa juu kwenye silinda. Ili pampu hiyo ifanye kazi, chumba lazima kiwe hakina upenyo wowote, na ncha mbili za krankishafti zinapotokea nje zinazibwa na sili za mpira, moja upande wa flaiwili na nyingine upande wa klachi. Sili ikikauka, na sili hukauka sana injini ikikaa miaka minne bila kupata mafuta, chumba kinavuta hewa kutoka pembeni ambayo haikupita kwenye kabureta. Hewa hiyo haina petroli. Ndiyo maana plagi inakuwa nyeupe, na ndiyo maana injini inabaki juu hata ukiachia eksileta, kwa sababu kufunga kabureta hakufungi mlango wa pili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa ndugu yangu wa Kigamboni, jeti ya 105 siikubali. Utakuwa unamimina petroli zaidi kufidia tundu ambalo kila siku litapanuka, na siku litakapopanuka ukiwa kwenye mwendo wa kasi, pistoni itakwama ndani ya silinda na gurudumu la nyuma litajifunga. Nimewafunga vijana vidonda vilivyotokana na jambo hilo. Mpaka tuijue sababu, naomba usitoke nayo safari ya mbali.

Utajuaje ni sili ya upande gani? Upande wa klachi ukivuja, injini hunywa oili ya giabox. Moshi unakuwa mwingi na mzito, na harufu yake si ya tuu-T. Imwage oili ya giabox na uipime. Inapaswa kuwa mililita 250 za SAE 30. Ikiwa imepungua sana na chini ya injini hakuna tone, ujue imeingia ndani, na hapo hakuna njia ila kuipasua injini nzima. Ikiwa imetimia na moshi ni wa kawaida, basi tazama upande wa flaiwili, ambao una nafuu kubwa, kwa sababu sili yake inatolewa kwa nje bila kupasua chochote.

Watu watakwambia upulizie kisafishio cha kabureta nyuma ya flaiwili na kusikiliza kama mngurumo unabadilika. Kwenye injini nyingine jambo hilo ni zuri, ila kwenye Vespa linadanganya, kwa sababu feni inaikamata ile dawa na kuitawanya kila mahali, nayo inafika mpaka kwenye kabureta. Kipulizie chini ya sanduku la kabureta tu, kuhakikisha gasketi pale ni nzima. Usiibane kabureta kwa nguvu kupita kiasi ukidhani unaziba hewa. Hizi SI zimetengenezwa kwa aloi laini na zikibanwa sana zinapinda, hata eksileta inakuwa nzito.

Kuhusu kuzimika ikipata moto, nahitaji uniletee jibu la swali moja: ikishazimika, kuna cheche au hakuna? Chukua plagi ya ziada mfukoni. Papo hapo chomoa kofia ya plagi, ivike ile ya ziada, igusishe chuma cha plagi kwenye kichwa cha silinda na upige kiki. Hakikisha plagi imegusa chuma sawasawa, kwa kuwa CDI ikipigwa kiki huku umeme hauna pa kwenda, inaweza kufa. Na ile plagi ya injini iache palepale ilipo, usije ukawasha mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu.

Kijana wa Fuoni, Unguja

Nashukuruni sana. Nimefanya yote mliyoniagiza, nami sikutoka mbali, nilikuwa nazunguka mtaani tu mpaka ikazimika mbele ya nyumba.

Kifuniko cha tangi kinapumua vizuri. Kizimba cha silinda kipo, ingawa kina ufa mdogo. Oili ya giabox niliimwaga kwenye chupa iliyopimwa nikapata mililita 240 na kitu, na moshi ni ule wa bluu hafifu wa siku zote. Kuhusu cheche, Fundi, jibu ni hili: mara tu ilipozimika nilipiga kiki sita nisione cheche hata moja, ilhali ikiwa baridi inatoa cheche ya bluu inayosikika kwa sikio. Baada ya dakika 25 cheche ilirudi, kwanza dhaifu na ya manjano, kisha ya bluu.

Mtu wa duka la vipuri ananiambia ninunue CDI mpya. Je, ninunue?

Mwalimu wa umeme, Maskati

Ndugu yangu wa Fuoni, usinunue bado. Mimi si fundi wa pikipiki, nafundisha umeme, lakini nimekulia Unguja na mume wangu ana PX ambayo nyaya zake nimezishughulikia mwenyewe. CDI inalaumiwa kwa sababu ndicho kifaa rahisi kubadilisha, kinafunguliwa kwa nati mbili tu. Kuna vitu vitatu vinavyoweza kukata cheche kwenye moto, na vyote vitatu vinaweza kutenganishwa kwa mita ya kawaida ya bei nafuu.

Kwanza ondoa swichi kwenye kesi. Kwenye CDI utaona nyaya mbili za kijani. Mmoja unatoka kwenye stata na wa pili unakwenda kwenye swichi ya kuzimia, na kazi yake ni kuupeleka umeme wa cheche kwenye bodi unapozima. Waya huo ukichubuka mahali ukagusa chuma, injini inazimika kana kwamba umegeuza ufunguo. Uchomoe huo wa swichi na uuzungushie tepu, kisha uendeshe. Ikiendelea kuzimika, swichi haina hatia. Ukumbuke tu kwamba waya ukiwa umechomolewa, ufunguo hautaizima injini. Utaizima kwa kuweka gia ya nne, kushika breki na kuachia klachi taratibu.

Pili, pima stata. Zichomoe nyaya tatu zinazotoka kwenye stata, yaani kijani, nyekundu na nyeupe, na uweke mita kwenye kipimo cha omu 2000. Kati ya nyeupe na kijani unapima koili ya kuzalisha, nayo inapaswa kusoma karibu na omu 500, ikipungua au kuzidi kwa 20 tu. Kati ya nyeupe na nyekundu unapima pikapu, nayo inapaswa kusoma omu 110, na tofauti isizidi 5.

Jambo ambalo watu wengi wanalisahau ni kwamba vipimo hivyo ni lazima uvichukue mara mbili. Injini yako ikiwa baridi ni nzima, kwa hiyo vipimo vya baridi vitakwambia ni nzima, nawe utarudi kuilaumu CDI bila sababu. Waya wa koili ya pikapu ni mwembamba kama unywele. Ukikatika ndani ya koili, ncha mbili zinaweza kubaki zikigusana wakati wa baridi, na chuma kikitanuka kwa joto zinaachana. Andika vipimo vya baridi, endesha mpaka izimike, kisha pima ndani ya dakika moja. Mita iwe tayari mfukoni na kifuniko cha pembeni uwe umeshakifungua kabla hujaondoka.

Stata ikisoma sawasawa kwenye baridi na kwenye moto, na swichi umeshaiondoa, hapo ndipo CDI inabaki peke yake, na fedha yako itakwenda mahali pake.

Neno moja zaidi. PX za zamani zina udhaifu unaojulikana dunia nzima: ganda la plastiki la nyaya za stata hukauka na kupukutika, hasa pale zinapopita nyuma ya flaiwili, mpaka shaba inabaki tupu. Ukizitikisa nyaya huku mita imeunganishwa na namba ikarukaruka, umeshapata ugonjwa bila kusubiri moto.

Kijana wa Fuoni, Unguja

Mwalimu, Mungu akulipe kheri. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeyaandika kwenye daftari nikiwa nimekaa chini pembeni ya Vespa.

Waya wa swichi nikiwa nimeuchomoa, injini ilizimika vile vile baada ya dakika 17. Kwenye baridi nilisoma omu 497 kwa kijani na nyeupe, na omu 113 kwa nyekundu na nyeupe. Kwenye moto, kijani na nyeupe ilipanda kidogo tu mpaka 521. Nyekundu na nyeupe ilionyesha ile namba 1 iliyosimama kushoto peke yake, yaani njia imekatika kabisa. Niliishika mita bila kuondoka. Baada ya kama dakika 20 ikaanza kuruka, 1, kisha 160, kisha 1 tena, halafu ikatulia kwenye 115. Mke wangu alikuwa ameshika tochi, na sote wawili tulishangaa kuuona ugonjwa wa miezi mitatu ukijitokeza kwenye kioo cha mita.

Leo asubuhi nimeazima pula nikaivuta flaiwili. Fundi, ulisema maradhi mawili na mzazi mmoja, nami naamini nimemwona mzazi huyo. Nyuma ya flaiwili kote kumelowa. Ni oili nyembamba, ya kijani iliyochanganyika na vumbi, yenye harufu ya petroli ya tuu-T, imetapakaa kwenye stata, imejaa kwenye pikapu, na imetengeneza matope kuzunguka mhimili wa krankishafti. Nyaya zote tano sita za stata ganda lake ni laini kama ulimi kwenye sehemu zilizolowa, na kwenye sehemu kavu linavunjika kama bisi. Mdomo wa sili nimeugusa kwa ukucha, umekuwa mgumu kama plastiki ya ndoo.

Je, ni sahihi kwamba sili mbovu ndiyo iliyoiua pikapu? Na kabla sijaing'oa, kuna kitu ninachopaswa kukijua?

Fundi mzee wa Mombasa

Ni sahihi, kijana wangu, na umeifanya kazi ambayo mafundi watatu walipaswa kuifanya. Sili ile ilikuwa inavuja kwa njia mbili. Pistoni ikipanda inavuta hewa ndani, na hiyo ndiyo sailensa yako na plagi nyeupe. Pistoni ikishuka inatema mchanganyiko wa petroli na oili nje, nao unarushwa kwenye stata. Petroli inalainisha maganda ya nyaya na kuingia kwenye koili. Juu ya hayo, injini iliyokosa petroli inawaka moto kuliko kawaida, na pikapu imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye beringi. Ungebadilisha pikapu peke yake, mpya ingelowa vile vile, nawe ungerudi hapa baada ya miezi kadhaa.

Sasa sikiliza kwa makini, maana kwenye kufunga ndipo wengi wanapoharibu.

Kabla hujafungua skrubu tatu zinazoshika stata, chukua msumari na uchore mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya stata na juu ya kizimba cha injini kwa pamoja. Stata inazunguka kidogo kwenye matundu yake, na mzunguko huo ndio unaoamua cheche itoke mapema au ichelewe. Ukiirudisha mstari ukakutana na mstari, taimingi iko pale ilipokuwa. Mtu akikuambia ataitambua kwa sikio, mshukuru na umuage.

Sili ya zamani itoe kwa bisibisi iliyopinda, ukiweka kitambaa chini yake, wala bisibisi isiguse mhimili. Mkwaruzo mmoja kwenye mhimili unatosha kula sili mpya. Ukishaitoa, pitisha kidole kwenye mhimili pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Ukihisi mfereji unaokwama ukucha, niambie kabla hujaendelea. Ishike pia krankishafti na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili yoyote utakayoweka itakufa haraka.

Sili mpya iwe ya saizi 24 kwa 35 kwa 6, na usinunue ya bei ya chini kuliko zote. Kabla ya kuipitisha, funga tepu nyembamba juu ya ule mfereji wa kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoiweka flaiwili mahali pake kwenye mhimili, kwa sababu kingo zake ni kali kama wembe na zinakata mdomo wa mpira bila wewe kuona. Paka oili ya tuu-T kwenye mdomo, ipitishe, itoe tepu, kisha isukume kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili yenyewe, ukigonga kidogo kidogo kuzunguka ili iingie sawa. Ikiingia upande, itavuja.

Kuhusu nyaya, namwachia Mwalimu.

Mwalimu wa umeme, Maskati

Nyaya zibadilishe zote, usiunge kipande kwenye kipande. Tumia waya wenye ganda la silikoni linalovumilia joto, kwa kuwa waya wa kawaida wa redio utarudi kwenye hali hiyohiyo. Fuata rangi zilezile, au ukikosa rangi, funga karatasi yenye jina la rangi kwenye kila ncha kabla hujakata wa zamani. Piga picha stata kutoka pande zote kabla hujagusa chochote, kisha badilisha waya mmoja mmoja: kata mmoja, lehemu mmoja, ndipo uende kwenye wa pili.

Stata isafishe kwa brashi laini na spiriti, wala usiizamishe kwenye petroli. Ukishalehemu pikapu mpya, pima tena kabla ya kufunga, kisha ipashe kwa kikaushia nywele kwa dakika tano huku mita imeunganishwa. Namba itapanda kidogo, nalo si tatizo. Isiruke wala isikatike. Vipuri vibovu vipo madukani hata vikiwa ndani ya boksi zuri, na ni afadhali kuvigundua vikiwa mezani.

Kijana wa Fuoni, Unguja

Naleta taarifa baada ya wiki mbili, kwa sababu pikapu nililazimika kuagizia Dar es Salaam.

Mhimili wa krankishafti hauna mfereji, ni mng'ao tu pale sili ilipokaa, na krankishafti haichezi. Sili ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kuisukuma upande mmoja. Nilirudi dukani kununua ya pili, na safari hiyo nilikata kipande cha bomba la maji cha saizi yake na kugonga kama Fundi alivyoelekeza. Pikapu mpya ilisoma omu 109 ikiwa baridi na 118 baada ya kikaushia nywele, bila kuruka. Nyaya zote ni mpya. Mstari wa msumari umekutana na mstari, na nati ya flaiwili nimeibana kwa spana ya kipimo.

Iliposhika, jambo la kwanza nililolisikia ni sailensa. Nilikuwa nimeshazoea kuifungulia skrubu ya kabureta kwa namna ya kufidia ile hewa ya pembeni, kwa hiyo ilinguruma chini sana na kuzimika. Nilirudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofunga, nikapandisha sailensa kidogo, na sasa nikiachia eksileta inashuka mara moja na kutulia.

Juzi Jumapili nilimpakia mke wangu tukaipita Tunguu, tukaupita msitu wa Jozani pale nilipokuwa nikikaa chini ya mti, tukakunja Kitogani mpaka Makunduchi kwa mama mkubwa. Tulirudi jioni bila kuzimika. Plagi ni ya kahawia hafifu.

Fundi, nati ya flaiwili niikague tena baada ya muda gani?

Fundi mzee wa Mombasa

Alhamdulillahi, nimefurahi sana kusoma haya. Ikague mara moja tu, injini ikiwa baridi, kwa kiasi cha Nm 60 hadi 65. Flaiwili ikilegea inakata kii, na kii ikikatika cheche inatoka mahali pasipo pake. Ukiwa umefungua kifuniko, chungulia na tochi kupitia matundu ya flaiwili uone kama nyuma yake ni pakavu.

Kijana wa Fuoni, Unguja

Nimeikagua jana kwa Nm 60. Nati haikusogea, na nyuma ya flaiwili ni pakavu kabisa.